Chujio la pembeni la oili linalotumia tishu za chooni: nifunge kwenye Canter au niache?

Mzigo wa Chumvi (Ujiji, Kigoma)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo fundi wangu analisisitiza, nami bado sijaridhika nalo. Ninamiliki Canter ya dizeli isiyo na turbo, ambayo hubeba chumvi kutoka Uvinza na mawese kutoka vijijini, na mara nyingine hufika Urambo na Tabora mjini. Vipande vingi ninavyopita kuchukua mzigo havina lami, kiangazi vumbi lake si la kawaida, na oili hubadilika kuwa nyeusi mapema mno baada ya kumwagwa.

Fundi amepata kopo la chuma lenye mfuniko wa kufungua kwa mkono, ambalo ndani yake huwekwa rolo ya tishu, tena tishu hii hii ya chooni inayouzwa dukani. Anasema likiunganishwa na injini kwa mipira miwili, oili itakuwa safi wakati wote, nitakuwa nabadilisha tishu tu, na habari ya kumwaga oili kila kilomita 5,000 nitaisahau. Hoja yake inavutia kwa upande wa gharama, lakini ninajua tishu ikiingia maji inavyokuwa uji. Je, haitalainika ndani ya oili ya moto na kuziba njia za oili? Na kama kweli inachuja vizuri kuliko filta ya kawaida, kwa nini gari lisitoke nayo kiwandani?

Dereva Mstaafu (Kasulu)

Ndugu mleta mada, mimi nisingekubali. Injini ya Canter inajulikana kwa uvumilivu wake, na kinachoiua mara nyingi ni wamiliki kupitiliza muda wa kumwaga oili, kununua filta za bei ya chini kupita kiasi na kuruhusu kila gereji kuongeza kitu ambacho mtengenezaji hakukiweka. Kila mpira unaouongeza ni mahali papya pa kuvujia. Fundi anayekwambia utasahau kumwaga oili hatakuwepo siku beringi zitakapoanza kugonga katikati ya pori.

Fundi Dizeli Tbr (Tabora)

Mkuu Mzigo wa Chumvi, swali lako ni zuri na linastahili jibu refu, kwa sababu fundi wako amepatia katika jambo moja na amekosea katika jingine, na hilo alilokosea ndilo litakalokugharimu.

Kwanza ondoa hofu ya uji. Nyuzi za tishu zimeshikana kwa miungano dhaifu ambayo maji huivunja kwa urahisi, na ndiyo maana tishu huyeyuka chooni. Oili haina tabia hiyo ya maji. Inapita katikati ya nyuzi bila kuziachanisha, hata ikiwa ya moto. Hatari inakuja pale injini yako inapokuwa na gasketi iliyoungua au kipoza oili kilichotoboka, maji ya rejeta yakaingia kwenye oili. Hapo tishu italainika kweli, na hupaswi kufunga kifaa hiki kabla ya kuhakikisha hakuna maji. Dondosha tone la oili kwenye bati la moto: likitoa mlio wa kupasukapasuka, kuna maji, na tatizo lako si la filta tena.

Pili, wazo lenyewe si uzushi wa gereji zetu. Marekani kuna kampuni ya Frantz iliyojulikana tangu katikati ya karne iliyopita kwa kuuza makopo ya namna hii yanayotumia rolo ya tishu ya chooni, na wapo watengenezaji wengine waliochagua rolo kubwa za karatasi za jikoni. Hata uchujaji wa pembeni wenyewe ni wa zamani kuliko huu tulioufanya wa kawaida: magari mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yaliyokuwa na filta yalichuja sehemu ndogo tu ya oili, nyingine ikienda moja kwa moja kwenye beringi bila kuchujwa. Filta inayopitisha oili yote ilienea baadaye. Na si kweli kwamba viwanda vimeuacha mtindo huo, kwa sababu injini kadhaa za dizeli za malori ya Kijapani hutoka na chujio la pembeni, ama kopo la pili, ama sehemu ya pili ndani ya kopo lile lile, na Scania wametumia kwa miaka mingi chombo kinachozunguka kwa kasi na kutupa uchafu ukutani. Angalia kwanza kama ya kwako haina tayari.

Sababu ya kuwa na machujio mawili ni hii. Filta kuu lazima ipitishe oili yote inayosukumwa na pampu, ikiwa nzito asubuhi au nyepesi mchana, kwa hiyo karatasi yake haiwezi kubana sana; kwa kawaida inakamata vizuri chembe za kuanzia mikroni 20 au 30 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 kwa makadirio, kwa hiyo tunazungumzia vitu visivyoonekana kwa macho. Shida ni kwamba tabaka la oili kati ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi linaweza kuwa na unene wa mikroni chache tu, na chembe inayokaribiana na unene huo ndiyo inayosaga chuma, kwa sababu ile kubwa haiingii na ile ndogo sana inapita bila kugusa pande zote mbili. Chujio la pembeni linashughulikia kundi hilo la katikati. Linachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya oili, linaipitisha polepole kwenye karatasi iliyoshindiliwa, kisha linaimwaga kwenye sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini. Injini haisubiri oili hiyo ili iishi, na baada ya muda wa kutembea oili yote inakuwa imepita humo mara nyingi.

Sasa tuje kwenye kosa la fundi wako. Usafi wa oili na uhai wa oili ni vitu viwili tofauti. Ndani ya oili ya dizeli kuna dawa za kupambana na asidi, za kushikilia masizi yasigandamane na za kulinda vyuma, na dawa hizo zinatumika zikaisha. Tishu haizirudishi. Dizeli isiyoungua ikichanganyika na oili, tishu haiitoi. Masizi mengi ya dizeli ni madogo kuliko mikroni moja, kwa hiyo oili yako inaweza kubaki nyeusi na bado ikawa nzima, au ikaonekana safi huku nguvu yake imekwisha. Wanaosifu makopo haya husahau kusema kwamba kila rolo inapotolewa inaondoka na oili iliyonywewa na karatasi, nawe unalazimika kuongeza karibu lita nzima ya oili mpya. Lita hiyo ndiyo inayoleta dawa mpya, na sehemu ya miujiza inayosimuliwa ni yake. Piga hesabu zako ukiijumuisha, pamoja na rolo ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 3,000 hivi, uone kama akiba aliyokuahidi bado ipo.

Ukiamua kufunga, mambo yanayoamua matokeo ni machache na yote ni ya ufungaji. Oili ichukuliwe kwenye tundu la swichi ya presha kwa kutumia tii ya chuma (kiungio chenye njia tatu), na hapo hapo kwenye tii, kabla ya mpira, kuwe na kitundu cha kubana chenye kipenyo cha milimita 1.5 hivi. Mafundi wengi hukiacha kwa kuwa hawaoni kazi yake. Bila kitundu hicho kopo litaiba oili kwenye beringi, na taa ya presha inaweza kuwaka injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu kwenye foleni. Kazi yake ya pili ni kukuokoa: kwa presha ya bar 4, kitundu cha kiasi hicho hupitisha kadiri ya lita 2 kwa dakika, kwa hiyo mpira ukipasuka kwenye injini yenye lita 8 za oili una dakika tatu hivi za kuona taa na kuzima. Bila kitundu huna hata muda wa kutafuta mahali pa kuegesha. Mipira iwe ya oili ya moto yenye waya ndani, ibanwe kwa fitingi za kukaza na si kwa klipu za mpira wa maji, na isiguse ekzosi wala chesisi inayotikisika. Kwa hali yoyote usikubali filta kuu iondolewe na kopo hilo liwekwe badala yake.

Kuhusu karatasi, chagua rolo iliyokazwa sana, isiyo na manukato wala losheni, na yenye kipenyo kinachojaza kopo mpaka uisukume kwa nguvu iingie. Nyingi ya rolo za dukani kwetu zimelegea, na oili ni kama mbuzi, hupita palipo na upenyo; itapita pembeni ya rolo au kwenye tundu lake la katikati na kurudi kwenye sampu bila kuchujwa, huku wewe ukiamini unachuja. Namna ya kujua ni rahisi. Rolo iliyotumika ikishachuruzika oili yake, ikate kwa kisu kirefu kutoka juu hadi chini na uitazame. Rolo iliyofanya kazi ina weusi mzito upande oili ilikoingilia, kisha weusi unafifia kuwa kahawia na hatimaye rangi ya asali karibu na upande wa kutokea. Ukiona mstari mweusi umeshuka upande mmoja mpaka chini, au weusi umezunguka tundu la katikati peke yake na karatasi nyingine ni njano, rolo hiyo haikuchuja kitu.

Mama Mizigo (Mwanga, Kigoma)

Nimemsoma Fundi wa Tabora na sina ubishi na maelezo yake, ila kwa gari la mleta mada mimi ningeanza mahali pengine kabisa. Vumbi haliingii kwenye oili kupitia tundu la kujazia. Linaingia kupitia hewa, linapita kwenye pistoni, linasaga ringi na ndipo linashuka kwenye oili. Ninamiliki magari mawili ya mizigo, na nimekuta mara nyingi mpira unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa umepasuka chini, mahali ambapo dereva haoni bila kuinua kabini, au filta imepulizwa kwa kompresa mpaka karatasi ikatoboka. Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, hakuna tishu ya chooni wala ya jikoni itakayoiokoa injini hiyo, kwa sababu vumbi limeshasaga silinda kabla halijafika kwenye kopo.

Jambo jingine, ndugu yangu, ni usimamizi. Kifaa hiki kinamtaka dereva akague mipira kila asubuhi na abadilishe rolo kwa wakati. Kama gari unaendesha mwenyewe, sawa. Kama una dereva na utingo wanaobadilika, hesabu kwamba siku moja mtu ataweka rolo yoyote atakayoipata Uvinza, iwe imelegea au imelowa.

Mzigo wa Chumvi

Nawashukuru sana. Nimekwenda gereji leo kulitazama kopo na nimeona limeandikwa Motor Guard, na lina maelezo yanayohusu hewa, si oili. Fundi anadai halina tofauti. Je, ni kweli? Pia nimefuata ushauri wa Mama Mizigo: kidole kimetoka na vumbi.

Fundi Dizeli Tbr

Hilo ni chujio la hewa ya kompresa, linalotumika kwa wapuliza rangi za magari, na ndani yake huwekwa rolo inayofanana sana na tishu. Ni kweli wapo watu ughaibuni wanaoligeuza kuwa la oili na likafanya kazi, lakini halikuundwa kwa ajili hiyo, na jambo la kulitilia shaka ni lastiki ya mfuniko, ambayo haikuchaguliwa kwa oili ya nyuzi joto 100. Kama utaendelea nalo, badilisha lastiki hiyo kwa ile inayostahimili oili ya moto, na mpira wa kurudisha oili uelekezwe juu ya usawa wa oili kwenye sampu ili oili ishuke bila kizuizi. Hata hivyo, kwa kuwa kidole kimetoka na vumbi, fedha ya wiki hii ingepaswa kwenda kwenye mpira wa hewa na filta mpya ya hewa, kisha umwage oili yote na filta yake kuu. Kopo linaweza kungoja.

Mkoboaji (Kaliua, Tabora)

Naomba niulize hapa hapa: je, kifaa hiki kinaweza kufungwa kwenye injini ya silinda moja ya mashine ya kukoboa mpunga?

Fundi Dizeli Tbr

Inategemea kama injini yako ina pampu ya oili. Nyingi za muundo wa zamani hulainishwa kwa kijiko kilicho chini ya koneti rodi (chuma kinachounganisha pistoni na kranki) kinachorusha oili, na bila presha hakuna kitakachoisukuma oili kupita kwenye karatasi. Hata zile zenye pampu ndogo hazina oili ya ziada ya kugawa, na oili yenyewe ni lita chache. Imwage kwa wakati, uoshe chekecheo la waya lililo ndani, na filta ya hewa uiangalie kila siku ya kukoboa, maana pumba ni mbaya kuliko vumbi la Uvinza.