Geji za ombwe kwenye EPICS: timeout mfululizo, na PV hazionekani chumba cha udhibiti

mstari_wa_mwale:
Wakuu, habari za kazi. Naunganisha kidhibiti cha Pfeiffer TPG 256 A chenye geji sita kwenye EPICS (mfumo wa programu za udhibiti) ya sinkrotroni (kiongeza-kasi cha chembe). Ni RS-232 kwa 9600, kupitia seva ya siriali hadi IOC (seva ya EPICS inayosoma vifaa) ya Linux, kwa asyn (inayoendesha poti) na StreamDevice (inayotunga na kusoma ujumbe). Rekodi zote zina SCAN (kila baada ya muda gani isomwe) ".1 second". Jibu la kwanza ni herufi isiyosomeka, kisha timeout mfululizo. Pili, caget (amri ya kusoma PV, yaani thamani yenye jina ndani ya EPICS) inajibu kwenye mashine ya IOC, lakini kompyuta za chumba cha udhibiti hazioni PV hata moja. Nianzie wapi?

baiti_kumi:
Mkuu, hiyo herufi ni ACK, yaani "nimepokea". Kidhibiti hiki hakitoi shinikizo papo hapo: unatuma PR1, kinakiri, unatuma ENQ (herufi ya kuomba data), ndipo kinajibu hali na thamani. Andika hivi:

Terminator = CR LF;
soma { out "PR\$1"; in ACK; out ENQ; in "%(\$2)d,%f"; }

Kwenye INP: @geji.proto soma(1,GEJI:1:HALI) GEJI

Usiitupe hiyo tarakimu ya hali. Ni 0 pekee inayomaanisha kipimo ni sahihi. 3 ni hitilafu ya kihisi, 4 kimezimwa, 5 hakipo. Bila hiyo, namba ya geji mbovu itaonekana kama ombwe zuri.

Kuhusu kasi: kwa 9600 kila baiti huchukua takriban milisekunde 1. Mazungumzo ya geji moja ni baiti kama 25, na asyn huhudumia poti kwa foleni. Geji sita ni milisekunde 150 kabla hata ya kuhesabu muda wa kidhibiti kufikiri. Haziingii kwenye milisekunde 100 za ".1 second". Weka "1 second". Ombwe halihitaji zaidi.

Ikikwama bado, washa asynSetTraceIOMask("GEJI",0,2) na asynSetTraceMask("GEJI",0,9), uone kila baiti. Hakikisha pia hakuna telnet iliyoachwa wazi kwenye seva ya siriali: nyingi hukubali muunganisho mmoja tu.

poti5064:
La pili ni mtandao. Channel Access (itifaki ya mtandao ya EPICS) hutafuta PV kwa tangazo la UDP, poti 5064, na tangazo halivuki ruta. Kwenye kompyuta za chumba cha udhibiti weka EPICS_CA_ADDR_LIST yenye anwani ya IOC, na EPICS_CA_AUTO_ADDR_LIST=NO. Faiwoli iruhusu 5064, UDP na TCP.

Angalizo: IOC mbili zikiwa mashine moja, utafutaji uliolenga anwani ya mashine hiyo hufika kwa moja tu, na ya pili hupewa poti nyingine ya TCP. Hapo tumia CA gateway, programu inayopitisha maombi ya PV kwa niaba ya kompyuta nyingine.

mlinzi_wa_vali:
Naomba sana, PV isitumike kufunga vali. Relay za setpoint za kidhibiti (swichi zinazogeuka shinikizo likivuka kiwango kilichowekwa) ziende kwa waya hadi PLC (kompyuta ya viwandani ya udhibiti), na PLC ndiyo ifunge. IOC ikiwashwa upya katikati ya uvujaji, vali haiwezi kuisubiri.

Tena, MDEL na ADEL (badiliko linalohitajika kabla rekodi haijatuma thamani mpya kwa skrini na kwa kumbukumbu) ni tofauti halisi, si asilimia. Ukiweka 0.01 kwenye shinikizo la 1E-9 mbar, grafu itabaki mstari mnyoofu hata ombwe likiharibika mara elfu. Acha 0, na skrini ioneshe kwa vipeo. Kwa desimali za kawaida, PREC 2 (tarakimu mbili baada ya nukta) itaandika 0.00.

mstari_wa_mwale:
Asanteni wakuu. Tano zinasoma, PV zinaonekana. Ya nne inarudisha hali 4.

baiti_kumi:
Imezimwa. Kama ni ya kathodi baridi pekee, isiyo na Pirani (geji ya shinikizo la juu zaidi) ndani yake, thibitisha kwanza kwa geji ya Pirani kwamba shinikizo liko chini ya 1E-2 mbar, ndipo uiwashe.