Naomba ushauri: mafunzo ya ADHD (tatizo la umakini na utundu uliopitiliza) kwa vijana wanaoingia utu uzima

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni tabibu, kituo cha afya huku Dodoma. Kuna kijana wa miaka 19, dereva wa bodaboda, ameletwa na mama yake. Dakika 10 nzima alikuwa akifungua na kufunga kifuniko cha chupa ya maji, na swali alilijibu kabla sijalimaliza. Mama anasema yuko hivyo tangu darasa la pili.

Chuoni ADHD tuliipitia juu juu, kama jambo la watoto tu. Nimejisomea DSM-5 ya 2013 (mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili): kuanzia miaka 17 zinatosha dalili 5 badala ya 6, ila kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Utundu hupungua, kusahau na kuahirisha mambo vinabaki. Sawa, lakini kitabu hakinionyeshi namna ya kuitofautisha na bangi, baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au kukosa usingizi tu.

Aliyesoma kozi ya mtandaoni yenye pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma), isiyomaliza mshahara, anielekeze. Na nyie mnaokutana na wagonjwa hawa, historia ya utotoni mnaipataje mzazi akiwa hayupo?