Intaneti ya nyumbani inakatika mara kwa mara na kupungua kasi kila jioni (Bel-Air, Lubumbashi)

Mama wa Bel-Air

Jambo kwenu ndugu wote. Shida hii imeingia mwezi wa tatu sasa, na kazi yangu inaumia. Ninaishi Bel-Air, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa malata, pamoja na watoto wanne na mdogo wangu. Ninatayarisha hati za forodha za mizigo inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia: mchana ninapiga picha karatasi na kuzipanga, jioni ninazituma kwa wateja. Intaneti inatufikia kwa antena iliyofungwa kwenye mlingoti juu ya paa, ikitazama mnara wa mtoa huduma ulio umbali wa kilomita 2 hivi. Mkataba unataja megabiti 10 kwa sekunde za kupakua na megabiti 2 za kupakia.

Matatizo ni mawili, au labda ni moja lenye sura mbili. Kwanza, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku kasi inaanguka kiasi kwamba hata ujumbe wa maneno matupu unakaa dakika nzima bila kuondoka. Pili, intaneti inapotea kabisa kwa dakika tatu au nne, kisha inarudi yenyewe. Hutokea zaidi siku za mvua, lakini hata siku kavu nimeiona. Nimekwisha kununua ruta mpya yenye antena nne, na hakuna kilichobadilika. Mtoa huduma nikimpigia simu ananiambia nizime niwashe, na kwamba upande wake hauna kasoro. Kabla sijatoa pesa nyingine, naomba mnielekeze mahali pa kuanzia.

Fundi wa Kampemba

Pole sana, Mama. Ombi langu la kwanza ni kwamba usinunue kitu chochote kwa sasa. Ruta mpya husaidia pale tu ruta ya zamani ilipokuwa mgonjwa. Antena zake nne haziwezi kuongeza kitu ambacho hakijashuka kutoka mlingotini.

Njia yako ina vipande vitatu: kutoka simu hadi ruta, kutoka ruta kupitia antena hadi mnarani, na kutoka mnarani kwenda duniani. Ukisema "intaneti ni mbaya" unavichanganya vyote, na ndiyo maana mtoa huduma anaweza kukujibu chochote. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa kebo, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha utume pingi mfululizo kwenye anwani tatu kwa pamoja. Pingi ni ujumbe mdogo unaobisha hodi na kurudi na muda uliotumia njiani. Anwani ya kwanza ni ya ruta yenyewe, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, ya pili ni lango la mtoa huduma, yaani kifaa chake cha kwanza unachopitia ukitoka nyumbani, utaliona kwenye ukurasa wa hali ya ruta, ya tatu ni 8.8.8.8, ambayo ni ya Google na iko nje kabisa. Hodi ya ruta ikichelewa, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Ruta ikijibu upesi na lango likachelewa, tazama paa na mnara. Yote mawili yakijibu upesi na 8.8.8.8 pekee ikachelewa, hapo mtoa huduma hana pa kujificha. Na ikiwa namba inajibu vizuri lakini kurasa zenye majina hazifunguki, basi kasoro iko kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa namba, nayo hubadilishwa kwenye ruta kwa dakika mbili.

Jambo la pili ni muhimu kuliko yote kwa mikatiko yako. Fungua ukurasa wa antena, si wa ruta. Utakuta muda ambao antena imekuwa hai tangu iwake, na muda ambao imekuwa imeshikana na mnara. Intaneti ikikatika na kurudi, kimbilia kusoma hizo mbili. Muda wa kuwaka ukiwa umeanza upya, antena ilikosa umeme. Ukiwa unaendelea tangu juzi, lakini muda wa kushikana ni mpya, basi mawimbi ndiyo yaliyopotea. Andika kila kitu katika daftari: saa, mvua, hali ya umeme, na nani nyumbani alikuwa akifanya nini.

Mzee wa Katuba

Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani kwa miaka mingi, nami nataka kuongeza neno juu ya volti. Jioni, kila nyumba ikiwasha jiko la umeme kwa wakati mmoja, volti 220 hatuzioni tena. Taa zinafifia, na wewe Mama bila shaka umeliona hilo. Adapta nzuri, iliyoandikwa volti 100 hadi 240, huvumilia. Iliyochoka haivumilii, na dalili yake ni kifaa kuzimika nukta moja na kuwaka tena bila mtu kukigusa.

Tena kuna kebo inayopanda juu. Antena nyingi hulishwa umeme kwa kebo ileile inayobeba intaneti, na madukani kumejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo hupinga umeme kuliko shaba tupu kwa zaidi ya nusu. Kata kipande ukikwarue kwa kisu: rangi nyeupe ikitokea chini ya wekundu, umejua unacho nini.

Kijana wa Golf

Mimi nadhani ni mvua tu. Mawimbi hayapiti kwenye mvua kubwa, kila mtu anajua. Mama ahamie kwenye intaneti ya setilaiti, asumbuke mara moja.

Fundi wa Kampemba

Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe, na ninalisema kwa sababu ushauri huo una gharama. Mvua huyala sana mawimbi yaliyo juu ya gigahezi 10, na setilaiti nyingi hutumia masafa hayo. Kwa hiyo ungemhamishia Mama kwenye kifaa ambacho mvua inakigusa zaidi. Antena za paa kama yake kwa kawaida hutumia gigahezi 5, na katika kilomita 2 matone ya mvua peke yake hupunguza kidogo mno. Kiungo cha namna hiyo kikikatika wakati wa mvua, mimi hutafuta maji mahali yasipopaswa kuwa: ndani ya kichwa cha kebo, au kwenye majani ya mti unaosimama njiani.

Mama wa Bel-Air

Asanteni kwa majibu. Nimeandika kwa siku tano, na kwa kweli nimeona mambo ambayo sikuyatazamia.

Ruta kwa kebo inajibu ndani ya milisekunde 1 wakati wote. Lango la mtoa huduma asubuhi linajibu kwa milisekunde 6 hadi 9. Jioni, kasi inapoanguka, linafika 700, na mara moja lilipita 1,100. Mikatiko ilikuwa mitatu. Siku ya Jumanne ilitokea miwili, bila mvua, taa zikiwa zimefifia, na mara zote mbili nilikuta antena imewaka dakika chache tu zilizopita. Siku ya Alhamisi mvua ilinyesha sana. Intaneti ilikatika, lakini antena ilikuwa hai tangu Jumanne usiku, ila kushikana na mnara ndiko kulikuwa kupya. Nguvu ya ishara ilisomeka desibeli −79, yaani dhaifu. Siku kavu husomeka −61. Kuna mwembe mkubwa wa jirani, mita 30 hivi kutoka kwetu, upande wa mnara. Miaka miwili iliyopita ulikuwa mfupi.

Daftari limenionyesha jambo jingine. Ugumu wa jioni unaanza pale mdogo wangu anaporudi kutoka kazini na simu yake, na wanangu wawili wakubwa nao. Simu zote tatu zimewekwa zipeleke picha kwenye hifadhi ya mtandaoni kila zinapoona waifai.

Fundi wa Kampemba

Mama, umefanya kazi ambayo mafundi wengi hawaifanyi. Una magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake.

Ugumu wa jioni ni foleni. Megabiti 2 za kupakia ni kilobaiti 250 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti 3 inachukua sekunde 12 ikiwa peke yake njiani. Picha 100 zinachukua dakika 20, na hapo hati zako hazijahesabiwa. Kifaa kisichoweza kupitisha vyote kwa wakati mmoja huvipanga kwenye foleni, na foleni ya kilobaiti 250 tu inamaanisha kila kinachofika nyuma yake kinangoja sekunde nzima. Ndiyo milisekunde zako 1,100. Hata kupakua kunalemaa, kwa sababu kila kinachoshuka lazima kijibiwe kwa risiti ndogo inayopanda, na risiti hizo nazo zimekwama nyuma ya picha za harusi. Weka simu zipeleke picha usiku wa manane, kisha kwenye ruta tafuta mahali pa kuweka kikomo cha kupakia, uandike megabiti 1.7. Foleni itahamia ndani ya ruta, na ruta yako mpya, ikiwa ina mpango wa kugawa zamu kwa haki, itaruhusu ujumbe mdogo upite kati ya mizigo mikubwa. Pesa ulizotoa zitakuwa na kazi hapo.

Mkatiko wa Alhamisi ni mwembe. Kutoka −61 hadi −79 ni desibeli 18, maana yake nguvu inayofika imepungua zaidi ya mara 60. Majani yaliyolowa yanaweza kufanya hivyo, kwa kuwa mawimbi hayatembei kwenye uzi mwembamba: katikati ya njia ya kilomita 2 yanataka nafasi wazi ya mita 5 hivi kila upande wa mstari. Karibu na nyumba yako nafasi inayohitajika ni mita 1 na kidogo, kwa hiyo kupandisha mlingoti mita 2 kunaweza kutosha bila kumwomba jirani akate mti wake. Asipande mtu juu ya malata yakiwa yamelowa au mawingu yakinguruma. Radi za hapa kwetu tunazijua. Na mlingoti ukiongezwa urefu, uunganishwe na chuma kilichozikwa ardhini.

Mikatiko ya Jumanne ni ya umeme kushuka, kama Mzee wa Katuba alivyokwisha kueleza.

Msomaji wa Ruashi

Naomba niongeze kwa faida ya wengine: ziko siku ambazo nyumba haina kosa lolote. Tarehe 6 Agosti 2023 maporomoko chini ya bahari, katika korongo la mto Congo, yalikata WACS na SAT-3, kebo za baharini zinazoiunganisha Afrika na intaneti ya nje, na nchi nyingi za Afrika ziliumia kwa majuma. Siku kama hizo lango linajibu upesi, ila 8.8.8.8 na tovuti za nje zinachelewa, na majirani wa watoa huduma wengine wanalia pamoja nawe.

Mama wa Bel-Air

Narudi baada ya majuma mawili. Fundi alipopanda alikuta ganda la kebo limepasuka kwa jua na kichwa chake kimeota kutu ya kijani; alipokwarua waya, ulikuwa mweupe ndani. Tumeweka kebo ya shaba, na karibu na antena ameiacha ining'inie chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondoke yasifuate kebo hadi kwenye kichwa. Mlingoti umepanda mita 2, na jana mvua ikinyesha ishara ilisomeka −63. Jioni, nikiwa ninatuma hati, lango linajibu kwa milisekunde 35 hadi 50.

Kinachobaki ni umeme unapokatika kabisa. Ninayo betri ya pikipiki ya volti 12 na saa-ampea 7. Je, inaweza kushika ruta na antena kwa saa tano?

Mzee wa Katuba

Haitafika, Mama. Betri hiyo ina wati-saa 84, na ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Ruta na antena pamoja zikila wati 15, unapata chini ya saa tatu. Usiichomeke moja kwa moja pia: ikiwa kwenye chaja inapanda hadi karibu volti 14, na antena yako huenda inataka 24, kwa hiyo soma kwanza maandishi yaliyo kwenye adapta zote mbili utuandikie hapa, ndipo nikuambie kigeuzi cha kutafuta.