Kuuza huduma za AI za bei ghali steshenari: akaunti ya kugawana, API au modeli ya bure?

SteshenariMoro
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari jirani na chuo hapa Morogoro: kuchapa, kopi, kufunga ripoti. Siku hizi kila mwanafunzi anaulizia ChatGPT ya kulipia au Claude. Wengi hawana kadi, na ule mpango wa dola 20 kwa mwezi ni kama elfu hamsini, hela ya kula wiki kadhaa. Nataka niwauzie kidogokidogo kama tunavyonunua bando. Naona njia tatu: nilipie akaunti moja watu wachangie, nichukue API (njia ya kuunganisha mfumo wangu moja kwa moja na AI ya kampuni) niwakatie salio, au niweke modeli ya bure, yaani AI ya kupakua, kwenye kompyuta ya dukani. Ipi itanilipa bila kuwaumiza wateja?

Mtaji_Mdogo
Mkuu, anza na akaunti ya kugawana. Watu kumi, kila mmoja elfu nane, umesharudisha hela yako na faida juu. Haihitaji utaalamu wowote, unawapa nywila tu. Hapa mjini vijana wanaifanya kwenye magrupu ya Telegram na inatembea.

DadaWaTafiti
Kaka yangu, hiyo njia usimwingize. Mimi nilinunua nafasi kwenye akaunti ya namna hiyo wakati naandika pendekezo la utafiti. Nilipoingia, upande wa kushoto kulikuwa na orodha ya mazungumzo ya watu wote. Mmoja ameweka majibu ya maabara ya mgonjwa, na jina lake liko palepale. Mwingine mkataba wa kuuza shamba, na namba ya kitambulisho. Na pendekezo langu nalo likawa linasomwa na watu nisiowajua. Baada ya muda nywila ikabadilishwa na muuzaji hakupokea simu tena.

Masharti ya OpenAI, wenye ChatGPT, yanakataza kumpa mtu mwingine akaunti yako, kwa hiyo siku wakiifunga huna pa kulalamika, na mteja atakuja kusimama mlangoni kwako. Tena ujumbe una kikomo: mmoja akikesha nayo, tisa wanabaki wanasubiri. Halafu Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Ukishika taarifa za watu kibiashara, una wajibu.

Fundi_Seva
Naungana na dada. Nenda na API, ila piga hesabu kwanza, maana wengi wanakatikia hapo.

API hailipiwi kwa mwezi. Unalipia tokeni, yaani vipande vya maneno, vinavyoingia na vinavyotoka. Kwa bei za mwaka 2025, GPT-4o ya OpenAI ilikuwa dola 2.50 kwa tokeni milioni zinazoingia na dola 10 kwa milioni zinazotoka. GPT-4o mini, ile ndogo, ilikuwa senti 15 na senti 60. Claude Opus 4, modeli kubwa ya Claude, ilitoka kwa dola 15 na 75. Sasa chukua swali la kawaida: tokeni 1,000 zinaingia, jibu la tokeni 700 linatoka. Kwa dola ya shilingi 2,600, GPT-4o ni kama shilingi 25. Mini ni shilingi moja na nusu. Opus 4 ni shilingi 175. Umeona tofauti? Mwanafunzi anayesahihisha Kiingereza cha barua ya maombi hana haja ya Opus.

Mtego uko kwenye nyaraka ndefu. Modeli haikumbuki kitu. Kila ukiuliza swali jipya, mazungumzo yote yanatumwa upya na yanahesabiwa upya. Mtu akipakia tasnifu ya maneno elfu ishirini ya Kiingereza, hiyo ni karibu tokeni 27,000. Kwa GPT-4o, kila swali linaweza kula hadi kama shilingi 175 kabla hata jibu halijaanza. Akiuliza maswali arobaini inaweza kufika elfu saba. Ukimuuzia "siku nzima bila kikomo" kwa elfu mbili, umefunga duka. Na Kiswahili kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa maana ileile, kwa hiyo wa Kiswahili analipa zaidi. Linaniuma, lakini ndivyo ilivyo.

Uza salio, usiuze muda. Unaweza kuanza na dola 5 za malipo ya kabla. Weka Open WebUI, programu ya ukurasa wa kuchati unaouunganisha na API, kila mteja awe na akaunti yake, na uzime ruhusa ya msimamizi kusoma mazungumzo ya watumiaji, maana imewashwa tangu mwanzo. Ufunguo wa API, yaani ile namba ya siri inayokuunganisha na kampuni, usimpe mtu yeyote. Masharti yanaruhusu ujenge huduma yako juu yake, hayaruhusu kuuza ufunguo wenyewe.

Eldoret_Coder
Huku Kenya shida ya kadi ilipungua tangu M-Pesa GlobalPay ije mwaka 2022, mtu anatengeneza kadi ya Visa kwenye simu. Kilichobaki ni bei. Na inaniuma nikikumbuka kuwa vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kuchambua maandishi machafu ili ChatGPT iwe salama, habari iliyotoka Januari 2023. Leo wenzao hawawezi kuilipia.

Ndugu, jambo moja: andika ukutani jina la modeli na bei yake. Kuna wauzaji wanaotangaza modeli kubwa, nyuma wanaunganisha ile ndogo. Mteja hawezi kujua kwa macho.

Mtaji_Mdogo
Hiyo ya tokeni kurudiwa sikuwa nimeifikiria kabisa. Na modeli ya bure je? Si ndiyo haina gharama?

Fundi_Seva
Ina gharama ya mashine na umeme. Llama, modeli ya bure ya kampuni ya Meta, ile ya vigezo bilioni 8, inaingia kwenye kompyuta ya RAM GB 16, lakini bila kadi nzuri ya michoro (GPU) inajibu polepole, na Kiswahili chake kinayumba. Jacaranda Health, shirika la afya la Kenya, ilibidi waifundishe Llama upya kwa Kiswahili, wakapata UlizaLlama, kwa ajili ya akina mama wajawazito. Kwa dukani, iweke kwa nyaraka za siri tu, zile ambazo hazipaswi kutoka nje.

DadaWaTafiti
DeepSeek, AI ya Wachina, nayo ni nafuu sana, ila data inakwenda China. Mwambie mteja, aamue mwenyewe.

SteshenariMoro
Asanteni sana. Akaunti ya kugawana nimeiacha. Nitaanza na API, modeli ndogo kwa kazi za kawaida, kubwa kwa atakayeomba na kulipia. Vocha za elfu moja na elfu mbili, wanalipa kwa lipa namba. Fundi, mtu akipakia tasnifu nzima nifanyeje?

Fundi_Seva
Mwambie alete sura moja moja, na kila sura aanzishe mazungumzo mapya. Weka na kikomo cha matumizi cha mwezi kwenye akaunti yako ya API leo hii, kabla hujamfungulia mteja wa kwanza.