Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda Afghanistan kujitolea na watu wa msikitini au kanisani

Mtoni76: Assalaam alaykum. Tangu lile tetemeko la Kunar la 31 Agosti 2025 sina raha. Nikiona nyumba za udongo zimeporomoka nakumbuka Herat, magharibi ya Afghanistan. Nilienda Novemba 2023 na kundi la msikiti wetu wa hapa Uingereza, wilaya ya Zindajan, mwezi mmoja baada ya yale matetemeko ya Oktoba. Tulipeleka mablanketi na majiko ya kuotea moto. Kilichonikaa ni neno moja. Watoto wakisikia lori linanguruma tu, wanakimbia wakilia "zelzela!", yaani tetemeko. Sikuhitaji mkalimani. Sura ya Zilzala niliihifadhi chuoni nikiwa na miaka sita. Siku hizi nikiisoma kwenye swala sauti inakatika. Mliofika huko, semeni.

Ummu Nasra: Wallahi kweli. Hilo neno hata mie silisahau.

Nesi wa Mvita: Nimesita siku mbili kuandika haya. Mie nilikwenda huko Herat na kaka yangu kama maharimu, ndugu wa kiume wa kunisindikiza, maana tangu Desemba 2022 wanawake walikatazwa na Taliban kazi za mashirika, sisi wa afya tukaachiwa kidogo. Tetemeko la kwanza lilipiga Jumamosi asubuhi, wanaume wengi wako mashambani au vibaruani Iran. Waliofukiwa ndani ni wanawake na watoto. Tulipofika, wanaume wa kundi letu wakaandika orodha ya wenye nyumba, wakiwauliza wanaume. Wajane hawamo. Niliuliza, nikaambiwa nisubiri.

Bibi mmoja akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya kijiji kwenye stoo iliyosalia. Ndani kalala mkamwana wake, kafungwa shali kiunoni. Nyonga imevunjika. Wiki ya tano hajapimwa, kwa kuwa daktari aliyekuwa akija ni mwanamume. Nimepiga magoti nampapasa, ardhi ikatikisika, udongo ukaanza kutumwagikia. Yule dada akanisukuma: "Boro! Boro!" Nenda. Nami nikaenda. Nilikimbia, ndugu zangu, nikamwacha mgonjwa wangu chini ya dari lenye nyufa. Dari halikuanguka. Niliporudi alikuwa ananitazama, akamwambia mavyaa wake anitilie chai. Nikainywa. Sikuweza kumtazama usoni.

Kijana wa Muscat: Pole sana dada. Hukukosa kitu, roho ni tamu.

Mkweli Daima: Samahani, lakini nauli za kundi zima kutoka Ulaya zingenunua mablanketi mangapi? Tumeni pesa, kaeni nyumbani.

Ummu Nasra: Pesa ingempima yule dada nyonga?

Mkweli Daima: Ingemlipa nesi wa hukohuko.

Ummu Nasra: Nesi gani, na wanawake wamezuiwa kazi?

Mkweli Daima: Wa afya waliachiwa, kasema mwenyewe hapo juu. Soma kwanza.

Mlutheri wa Moshi: Wakristo wenzangu, mimi nasema msiende. Julai 2007 Wakorea 23 wa kanisa moja walitekwa Ghazni wakiwa kwenye basi, wawili wakauawa. Sisi tulikuwa tunajiandaa mwaka uleule, safari ikavunjwa. Nililia kwa hasira. Leo namshukuru Mungu.

Mtoni76: Mbona Nakamura, daktari wa Kijapani, alikuwa Mkristo na wakulima wa Nangarhar walimpenda? Alianza kuchimba mfereji 2003, akavuta maji ya mto Kunar mpaka jangwani, watu wakarudi kulima. Alishika sururu, hakwenda kuhubiri.

Mlutheri wa Moshi: Naye akapigwa risasi Jalalabad, Desemba 2019. Maliza habari yote.

Mtoni76: Waafghani ndio waliomlilia, kaka. Hiyo pia ni habari.

Bint Pemba: Wanaokwenda wabebe dawa za kutosha.

Kijana wa Muscat: Wasibebe! Zitakwama mpakani. Wanunue Herat mjini. Na wajifunze lugha ya huko, Kidari, japo maneno ishirini. Chai ikikutosha funika glasi kwa kiganja, la sivyo utajaziwa mpaka alfajiri.

Ummu Nasra: Usifunike. Kunywa tu, wamekupa walichobakiwa nacho.

Bint Pemba: Nesi, yule dada alipona?

Nesi wa Mvita: Tulimlaza juu ya mlango wa mbao, tukampakia kwenye pikapu hadi hospitali mjini. Alifika hai. Mavyaa wake alibaki na wajukuu wawili. Jina la bibi huyo halikuwemo kwenye orodha. Nililiandika mwenyewe pembeni, kwa kalamu, na jiko alipata.