Nachonga fini ya mbao ya sefubodi kwa mkono mara ya kwanza, nianzie wapi?

KusiDiani
Salaam wadau. Niko Diani, nimepata longibodi (sefubodi ndefu, ubao wa kupanda mawimbi) ya futi 9 kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, bodi nzima kabisa ila haina fini, lile bawa la chini kwa nyuma linaloishika bodi majini, ina lile boksi refu la katikati la kuchomekea fini tu. Huku hakuna duka la kuingia ukachukua fini, na kuagiza nje ukipiga hesabu ya usafiri na ushuru unaona bora uchonge mwenyewe. Na kusema ukweli hata zingekuwa zinauzwa hapo barabarani bado ningetaka kuchonga, nimeona picha za fini za mbao zilizopigwa resini, ile mistari ya mbao inaonekana ndani inang'aa, nikazipenda sana.

Vifaa ninavyo: jigso, randa ndogo, tupa ya mbao, jiriwa, msasa wa kila namba. Useremala wa kawaida najua, meza na milango nimetengeneza, lakini kitu chenye umbo la bawa sijawahi. Maswali yangu: mbao gani? Kuna kipande kizuri cha mvule kimebaki kazini, na Mombasa naweza kupata plaiwudi ya marini ya milimita 9. Pili, nitajuaje pande zote mbili ziko sawa, manake kwa macho tu unaweza kujidanganya. Tatu, lazima faibaglasi au vanishi ya boti inatosha? Kusi imeshaanza na mawimbi yanakuja lakini sina haraka, nataka kitu cha kudumu.

mbao_na_maji
Karibu sana kaka, hii kazi ukiianza hutaiacha. Kwa mara ya kwanza chukua plaiwudi ya marini, mvule uweke kwanza, na sababu kubwa si nguvu, ni kwamba plaiwudi inakufundisha yenyewe. Ukianza kuipunguza kutoka katikati kwenda ukingoni zile tabaka zinatokea moja moja, ya giza, ya mwanga, ya giza, zinachora mistari juu ya fini kama ile mistari ya vilima kwenye ramani. Mistari ikibanana hapo mteremko ni mkali, ikiachana hapo umelala. Mstari ukipinda ghafla au ukawa na tumbo, ujue kuna kinundu au shimo hata kama kidole hakijaligundua bado. Kwa hiyo swali lako la pili limejibiwa na mbao yenyewe, geuza upande wa pili utazame kama mistari imekaa vile vile, isipokaa unajua pa kupiga msasa.

Sasa umbo. Bodi ya fini moja, fini inakuwa na tumbo pande zote mbili sawasawa. Usichanganye na zile fini za pembeni za bodi ya fini tatu, zile upande wa ndani huwa bapa na wa nje ndio una tumbo, watu wengi wanaangalia video ya zile halafu wanachonga ya katikati hivyo hivyo na bodi inavuta upande. Ukubwa, kanuni ya wengi ni inchi moja ya fini kwa kila futi ya bodi, kwa hiyo wewe inchi 9 kimo au pungufu kidogo. Chora kwanza kwenye kadibodi, kata, iweke juu ya bodi uitazame kwa mbali, ukiridhika ndio uhamishie kwenye plaiwudi. Kata nje ya mstari kidogo halafu malizia kwa tupa.

Kabla hujagusa uso wake fanya hivi, na hapa usiruke: chora mstari wa penseli katikati ya unene, uzunguke ukingo wote. Huo mstari usiufute mpaka mwisho kabisa, ndio unaokwambia umekula upande gani zaidi. Kisha chora usoni mstari mwingine kutoka kitako kwenda nchani, theluthi moja hivi kutoka ukingo wa mbele. Hapo ndipo fini itabaki nene kuliko kwingine kote. Kutoka huo mstari kwenda mbele ni mteremko mfupi unaoishia duara, kwenda nyuma ni mrefu wa pole pole mpaka ukingo wa nyuma uwe mwembamba. Usiumalize ukawa wembe, acha milimita moja na nusu au mbili, glasi ikikaa juu utaumaliza baadaye. Na kuelekea nchani unene wote unapungua pamoja. Randa na tupa kwa kuondoa nyingi, kisha msasa namba 60 au 80 uliozungushiwa kipande cha mbao, sio kwa vidole, vidole vinachimba. Kitako kinachoingia kwenye boksi usikiguse kabisa, kiache bapa.

FundiAmu
Assalaam aleikum. Mimi ni seremala wa mashua Lamu, sefu siijui sana lakini mbao naijua, na huyo ndugu hapo juu amesema vizuri ila mvule asiutupe.

Shida ya mbao nzima kwenye kitu kilicholala nyuma kama fini ni mwelekeo wa nyuzi. Ukisimamisha nyuzi wima kutoka kitako, kule nchani ambako fini imepinda nyuzi zinakuwa fupi, zinakatiza upana, ikigonga mwamba ncha inaruka. Sisi mataruma ya mashua, zile mbavu zake za ndani, hatukati kwenye ubao ulionyooka, tunatafuta tawi lililopinda lenyewe porini, nyuzi zikafuata pindo, ndio maana halivunjiki. Na wewe ukiwa na mvule tazama kama kipande kina nyuzi zilizolala kwa pembe ile ile ya fini yako. Zikilala hivyo umepata. Zisipolala, pasua vipande vyembamba vya upana wa sentimita mbili tatu, kila cha pili ukigeuze, ugandishe ubavu kwa ubavu kwa epoksi (resini inayochanganywa na hadena), ubane na jiriwa usiku mzima. Unaweza kuchanganya mvule na mbao nyeupe ukapata michirizi, hiyo inapendeza kuliko plaiwudi yoyote.

Jambo jingine, vumbi la mvule si la kuchezea. Linawasha ngozi na koo, funga pua kwa maski ya kweli sio kitambaa, na ufanyie nje upepo ukiwa mgongoni. Na kama utakuja kutumia msaji siku nyingine, ule una mafuta, ufute kwa asetoni punde tu kabla ya kupaka resini, la sivyo itabanduka.

KusiDiani
Wa aleikum salaam fundi, shukran sana, hilo la taruma limenifungua macho. Nimeenda kukitazama kile kipande, nyuzi zimenyooka kabisa, kwa hiyo naanza na plaiwudi na mvule nitaupasua kwa fini ya pili. Sasa mnishauri kuhusu glasi. Na hilo boksi, ile pini ya nyuma na skrubu ya mbele zinakaaje?

dadaWimbi
Hujambo KusiDiani, mimi mzaliwa wa Tanga, naishi Cape Town, kazi yangu ni kurekebisha mabodi huku Muizenberg, fini za mbao zinapita mkononi mwangu mara kwa mara.

Vanishi peke yake hapana. Sio kwa sababu mbao ni dhaifu, ni kwa sababu maji. Fini inagonga mchanga, vanishi inachubuka ukingoni, maji ya chumvi yanaingia kwenye tabaka za plaiwudi, inavimba na lile bawa ulilolihangaikia linapotea. Kitambaa cha glasi cha gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, tabaka moja kila upande kwa uchache, kwa epoksi. Huko pwani waulize mafundi wa boti za faibaglasi, wanakuwa na mabaki ya kitambaa ambayo kwa fini yanatosha kabisa.

Kwanza paka mbao koti jembamba la resini tupu, bila kitambaa, ulifanye jioni jua likishuka. Hili watu hawaliamini mpaka walione. Mbao ikiwa inapata joto hewa iliyo ndani inatanuka inatoka, na wewe ukiwa umeshapaka unapata vipovu mamia vimekwama. Ikiwa inapoa inavuta resini ndani badala ya kusukuma hewa nje. Na kwa joto la Diani changanya kidogo kidogo, mimina kwenye chombo kipana kisicho na kina, resini ikikaa nyingi kwenye kikombe inajichemsha yenyewe mpaka inatoa moshi. Vipimo vya resini na hadena (dawa ya kuigandisha) fuata vya kopo, usiongeze hadena ukidhani itakauka haraka, epoksi haiko hivyo. Vaa glavu kila mara, hii kitu ukiizoesha ngozi siku moja inakukataa na hutaigusa tena maisha yako.

Kitambaa hakipendi kukunjwa kwenye ukingo mwembamba, kinasimama na kuacha hewa. Kwa hiyo laza upande mmoja, kitambaa kipite ukingo wote kwa sentimita mbili tatu, kikikauka kata kwa wembe ufuate umbo, geuza, fanya upande wa pili. Ukitaka ukingo wa mbele uwe imara zungushia uzi mnene wa glasi uliolowa resini kabla ya upande wa pili, ukishapigwa msasa unakuwa kama kioo pembeni mwa mbao, ndio ile unayoiona kwenye picha. Na kwa unyevu wa pwani epoksi ikikauka juu huwa na utelezi kama mafuta, osha kwa maji na sponji ngumu kabla ya koti lingine au msasa.

Boksi: pini ya shaba inakaa mwisho wa nyuma wa kitako imetokeza pande zote mbili, unaiingiza kwenye uwazi wa katikati ya boksi halafu unaisukuma nyuma, mbele inabanwa na skrubu na kibati chake. Tundu lolote unalotoboa kwenye mbao, litoboe kubwa kuliko unavyohitaji, lijaze resini, ikikauka utoboe tena katikati saizi kamili. Hapo mbao haikutani na maji popote. Unene wa kitako, 9 pamoja na glasi inakaribia upana wa boksi refu la kawaida lakini pima boksi lako, kisha upige msasa kidogo kidogo mpaka iingie kwa kusukuma na kidole gumba. Ikicheza, kila wimbi litakuwa linaipiga boksi mpaka lipasuke, na boksi ni kazi kubwa kuliko fini.

KusiDiani
Dada asante, hilo la jioni sikuwa nalijua hata kwa vanishi za milango. Swali la mwisho: ilale kiasi gani nyuma? Rafiki yangu anasema isimame wima bodi igeuke haraka.

mbao_na_maji
Iliyosimama inageuka kwenye duara fupi kweli, na iliyolala inavuta duara refu na bodi inatulia. Tom Blake alipoweka fini ya kwanza kwenye bodi 1935 alifunga kipande cha mkuku wa boti, kirefu na kifupi kimo, bodi ikaacha kuteleza ubavu. Miaka ya 60 akaja George Greenough na fini zilizolala zenye kitako chembamba, akitazama samaki wenye mbio kama jodari. Nenda pale wanapotua wavuvi ushike mkia wa jodari mkononi, tazama ulivyo mnene mbele na unavyokwisha nyuma, utaelewa kuliko maneno yangu yote. Kwa longibodi yako na mawimbi ya Diani yaliyovunjwa na mwamba mbali, ningeilaza ya wastani, ncha ipite nyuma ya kitako kidogo tu.

dadaWimbi
Naunga mkono. Na weka picha ya ile mistari ya plaiwudi pande zote mbili kabla hujapaka resini, tukiona kinundu tukuambie, manake ikishafunikwa glasi hairekebishiki tena.