Mjadala: Kilimanjaro ya siku tano isiuzwe huku pwani?

Mwana wa Malindi (mtoa mada)

Assalamu alaykum wadau. Pita Nungwi, Paje, au vichochoro vya Mji Mkongwe, utaviona vibao vya wauza safari: Mnemba, Jozani, mashamba ya viungo, Changuu, halafu chini yake "Kilimanjaro siku 5". Mlima umepangwa safu moja na ziara ya karafuu na mdalasini. Hoja yangu ni kwamba hiyo ya siku tano isiuzwe hapa kabisa, na Kamisheni ya Utalii Zanzibar iliweke jambo hili kwenye masharti ya leseni.

Tazameni ratiba yenyewe. Mgeni amelala Paje, usawa wa bahari. Asubuhi anapanda ndege mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kesho yake yuko lango la Marangu, la kuingilia mlimani. Usiku wa kwanza analala kambi ya Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu yuko Kibo, mita 4,720, na hapo kulala ni jina tu, maana karibu na saa sita za usiku anaamshwa kuanza safari ya kileleni, mita 5,895. Ushauri wa madaktari wa milimani ni huu: ukishavuka mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ipatikane siku ya kutopanda. Ratiba hii inaruka mita 1,000 usiku hadi usiku, na siku ya kupumzika haimo.

Kule juu mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya huu wa ufukweni, kwa hiyo kila pumzi inaleta kama nusu ya oksijeni. Mwili huzoea, lakini unataka siku; asiyezipata anaweza kuugua ugonjwa wa mwinuko. Na msiniambie habari za mazoezi. Kijana anayekimbia kila alfajiri anaweza kuugua vibaya kuliko mama wa makamo anayekwenda kwa kujikokota, kwa sababu miguu inamfikisha mahali ambapo mapafu na ubongo havijawa tayari.

Sasa kwa nini siku tano bado inauzwa? Ada za hifadhi hutozwa kwa siku. Ukikata siku moja umepunguza ada, chakula na posho za watu wote walioko kwenye msafara. Bei inashuka, kibao kinavutia. Anayelipa tofauti ni yule anayetapika Kibo usiku wa manane.

Papasi wa Haki

Kaka Malindi, wewe una mshahara wa mwezi, ndio maana unaongea. Mie papasi, muuza ziara wa mitaani, ninauza kinachoulizwa. Mzungu ana likizo ya siku kumi na nne, anataka simba, anataka mlima, anataka bahari. Nikimwambia siku nane za mlima ananiaga, anavuka barabara kwa mwenzangu, au anafungua simu ananunua kwa mtu wa Ulaya ambaye hata Moshi hajafika. Ukizuia hapa utakuwa umemnyima kamisheni Mzanzibari, na mgeni atapanda vilevile.

Halafu tusitiane hofu. Makumi ya maelfu wanaupanda ule mlima kila mwaka na walio wengi sana wanarudi wanacheka. Si Everest ule. Hakuna kamba, hakuna ngazi za barafu, ni kutembea.

Mgumu wa Zamani

Nilibeba mizigo Marangu kabla sijahamia Jambiani kwa kazi ya hoteli. Wagumu ndivyo tulivyoitwa. Papasi, hiyo sentensi yako ya "ni kutembea" ndiyo inayotuletea wagonjwa. Mtu akijua anakwenda kwenye barafu na kamba huogopa, hujiandaa. Akiambiwa ni kutembea, anakuja na viatu vya ufukweni na mafua ya ndegeni.

Nitawaambia jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kiongozi anamjua mgonjwa mapema: hali chakula, hazungumzi, anakosea hatua. Kugeuza ndio kazi. Lakini mteja amelipa maelfu ya dola, kampuni imemwandikia kwamba kufika kileleni ni hakika, na bakhshishi ya msafara mzima, kuanzia mpishi hadi kijana wa mwisho, inategemea yule mtu ashuke na furaha. Hapo ulimi wa kiongozi unakuwa mzito. Anasema "twende kidogo tuone". Siku tano hazimpi nafasi ya kusema "tulale hapa leo, tutazame kesho", kwa sababu hiyo kesho haikununuliwa.

Na mgonjwa akidondoka, nani anamteremsha? Ni walewale waliobeba hema lake. Usiku, kwa machela ya gurudumu moja, kwenye mawe. Mizigo yetu ina kikomo cha kilo 20, inapimwa langoni. Mtu hapimwi. Nao wagumu huugua pia, tena wengine wana koti jepesi kuliko la mgeni, ila vibao vyenu haviwataji.

Nesi wa Chake

Mie niko Pemba, mlima nimeuona dirishani mwa ndege tu, ila miili naijua. Niongeze kwa Mgumu.

Kuumwa kichwa na kichefuchefu ndio mlango wa ugonjwa wenyewe, na hapo mtu anatakiwa asipande zaidi mpaka apone. Hatari hasa ziko mbili. Moja, maji kujaa mapafuni: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine povu la rangi ya waridi. Ya pili, ubongo kuvimba: anayumba kama mlevi, anajibu mambo yasiyoulizwa. Mwambieni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, ateremshwe saa hiyohiyo, usiku au mchana. Asisubiri kukuche.

Kuna hizi tembe za asetazolamaidi, watu wanazijua kwa jina la Diamox. Zinasaidia mwili kuzoea haraka kidogo kwa kuufanya upumue zaidi. Hazimpi mtu ruhusa ya kupanda akiwa tayari anaumwa. Dawa nyingine, deksamethazoni, ndiyo inanitisha, kwa sababu inaweza kumpa mtu nafuu ya dalili huku mwili wake haujazoea chochote. Akimeza ili afike kileleni, dawa ikimwishia akiwa juu, mnajua wenyewe.

Kile kipima oksijeni cha kidoleni ni kizuri, lakini namba si mganga. Mtazameni mtu.

Mzamiaji wa Matemwe

La haraka, maana sijaona aliyelitaja. Wapo wanaopanga bahari kwanza, mlima baadaye. Mgeni anazamia Mnemba au Misali leo, kesho ndege. Ukizamia na mitungi, naitrojeni inabaki mwilini, na ukipanda juu upesi inatoka kwa mapovu. Ushauri wa wazamiaji ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya ndege kama umezamia mara kadhaa, na wengi tunasema 24. Anayetoka majini akaunganisha ndege na lango la Marangu anacheza. Mlima kwanza, bahari mwisho. Hilo halimgharimu muuzaji hata senti.

Sina Upande

Watu wazima wana akili zao. Mtu akitaka kujihatarisha kwa fedha yake, serikali inaingilia nini? Na bima si ipo? Kila mgeni analipa dola 44 tangu Oktoba 2024.

Mwana wa Malindi (mtoa mada)

Nimewasoma nyote. Sina Upande nianze na wewe kwa sababu ni jepesi: ile ya dola 44 ni bima ya kukaa Zanzibar. Mlima hauko Zanzibar. Mgeni anayedhani amekwisha kujikinga yuko Kibo hana kitu, na papasi aliyemuuzia hakumwambia.

Kuhusu akili ya mtu mzima, nitakubali siku atakapokuwa peke yake. Hayuko peke yake. Desemba 2025 helikopta iliyokwenda kuchukua wagonjwa ilianguka palepale mlimani, wakafariki watu watano, pamoja na rubani, daktari na muongozaji. Hao watatu hawakwenda kutafuta picha ya kileleni. Uamuzi wa mteja mmoja unawavuta wengine nyuma yake, na wengine hao hawakuulizwa.

Papasi, umesema si Everest. Sawa, lakini tazama kilichotokea kule Mei 1996. Watu wanane walikufa kwenye dhoruba moja, na miongoni mwao Rob Hall na Scott Fischer, viongozi wenye sifa duniani kote, wenye kampuni zao. Wateja kadhaa walifika kileleni baada ya saa nane mchana, muda ambao walipaswa kuwa wamekwisha kugeuka. Dhoruba ilikuwa dhoruba, lakini saa zilipitwa na watu waliokuwa wamelipwa ili zisipitwe. Ni lile lile la Mgumu, kiongozi na mteja aliyelipa sana. Urefu wa mlima ni tofauti, biashara ni ileile.

Hoja yako ya kamisheni ndiyo ninayoiheshimu. Kwa hiyo nashusha dai langu kidogo. Siku tano iondolewe vibaoni. Ya siku sita, yenye siku ya ziada Horombo, iwe ya chini kabisa, japo mimi ningemshauri ndugu yangu saba au nane kwa njia ya Machame au Lemosho. Na risiti iandikwe mambo mawili: kwamba kiongozi ana neno la mwisho la kugeuza, na kwamba bakhshishi ya wagumu haitegemei kilele. Kama wote tukiuza sita, hakuna wa kuvuka barabara kwenda kwa mwenzako.

Papasi wa Haki

Wa kuvuka barabara hakuna, wa kufungua simu yupo. Hilo hujanijibu.

Mgumu wa Zamani

Hilo atalijibu anayeshika lango. Hifadhi inakagua kibali cha kila kundi na inapima kila mzigo kabla hujapiga hatua. Ikiamua kwamba siku tano haziingii, haitajali umenunulia Paje au London. Kwa hiyo Malindi, barua yako usiiandikie Kamisheni peke yake. Iende kwa wasimamizi wa hifadhi pia.

Papasi wa Haki

Hapo sawa. Lango likifunga kwa wote, mie kibao changu nakifuta kesho. Likifunga kwangu tu, hapana.